Acheni Kuchokonoa Masikio

Na Mwandishi Wetu

Tangu Tanganyika ilipojipatia uhuru wake mwaka 1961, wananchi wamefundishwa kuwatambua maadui watatu wa Taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Katika kupambana na maradhi tumezoea, na ndivyo ipasavyo, kuelekeza macho yetu kwenye yale yanayojaza wodi na makaburi: malaria, kifua kikuu, kipindupindu na UKIMWI. Lakini yako maradhi mengine yasiyoleta jeneza wala matanga. Huja polepole, humnyang'anya mwananchi sehemu ya nguvu zake, naye hutambua kuwa ameibiwa wakati mwizi amekwisha kwenda zake. Maradhi ya masikio ni ya namna hiyo. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi mlango tumemfungulia mwizi huyo sisi wenyewe, kwa mikono yetu, huku tukidhani kuwa tunajisafisha.

Hapana shaka wapo watakaouliza kama mwandishi amekosa la kuandika hata ashughulike na nta ya masikio wakati Taifa linakabiliwa na mambo mazito ya uchumi na maendeleo. Swali hilo lina jibu lake. Mtoto asiyesikia vizuri hafaidi somo, hata darasa likiwa jipya na mwalimu akiwa hodari. Mfanyakazi asiyesikia mlio wa mashine inayoharibika, au honi ya lori linalorudi nyuma, yumo hatarini yeye na wenzake. Mkulima asiyesikia redio hapati habari za mvua wala za mbegu. Elimu, kazi na siasa ya nchi hii vyote hupitia sikioni kabla ya kufika kichwani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake kuhusu usikivu mwaka 2021. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, watu wapatao milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, na ifikapo mwaka 2050 watu wapatao bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa kiasi fulani. Jambo lililo kubwa zaidi katika taarifa hiyo ni hili: miongoni mwa watoto waliopungukiwa usikivu, karibu 60 katika kila 100 wangeweza kukingwa. Hapo ndipo adui maradhi anapoonekana ameshikana mkono na adui ujinga.

Desturi Mbaya

Hebu tujitazame. Mtu amemaliza chakula cha mchana, ameketi barazani, anasikia mwasho kidogo sikioni. Hutafuta kilicho karibu: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini, ufunguo, kifuniko cha kalamu. Hufumba jicho moja, akapekecha, akatoa, akatazama alichokitoa, akafurahi, kisha akarudia. Mama naye, kwa mapenzi makubwa, akisha kumwogesha mtoto humlaza mapajani na kumchokonoa sikio hili na lile. Mjini, kinyozi akimaliza kichwa cha mteja humalizia na masikio, tena mara nyingine bila ya kuombwa. Mahali pote hapo mtu haoni kuwa anafanya kosa. Huona kuwa anatimiza wajibu wa usafi.

Aidha ziko dawa za kumiminwa. Sikio likiuma, mmoja hushauri mafuta ya moto, mwingine maji ya majani yaliyopondwa, mwingine maziwa ya mama, na wapo wanaofikia hata kutaja mafuta ya taa. Kila mshauri ana jirani yake aliyepona kwa dawa hiyo. Wale walioharibikiwa hawatajwi, kwa sababu mtu aliyepungukiwa usikivu hana jeraha la kuonyesha watu.

Nta Si Uchafu

Chanzo cha makosa yote haya ni imani moja: kwamba nta ya sikio ni uchafu. Imani hiyo si ya kweli. Nta hutengenezwa na mwili wenyewe, katika vitezi vilivyo sehemu ya nje ya tundu la sikio, kama vile machozi yanavyotengenezwa kwa ajili ya jicho. Kazi zake ni kulainisha ngozi ya tundu hilo, kuzuia maji yasiiloweshe, kunasa vumbi na wadudu wadogo, na kupunguza nguvu za vijidudu vya maradhi. Sikio lililokwanguliwa nta yote ni sikio lililovuliwa nguo. Ngozi yake hukauka, huwasha, na mwenye sikio, kwa kuwashwa, huchokonoa tena. Hivyo ndivyo mtu anavyojitengenezea ugonjwa na kuuhudumia kila siku.

Wala nta haihitaji mtu wa kuitoa. Ngozi ya ndani ya sikio ina mwendo ambao haupatikani mahali pengi mwilini: huanza kwenye kiwambo cha sikio na kusogea kidogo kidogo kuelekea nje, ikiibeba nta pamoja na vumbi lililonaswa. Taya linapotafuna ugali au linapozungumza, husaidia kuisukuma. Ikifika mlangoni hukauka na kudondoka, au hutoka mtu anapooga. Kwa watu wengi kabisa sikio hujisafisha lenyewe tangu kuzaliwa hata uzeeni.

Hata sura ya nta isiwatie watu hofu. Wengine wana nta laini yenye rangi ya asali, na ndivyo walivyo Waafrika walio wengi. Wengine, hasa katika nchi za mashariki ya Asia, wana nta kavu kama maganda. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa tofauti hiyo ni ya urithi wa damu. Si alama ya uchafu wala ya usafi.

Sasa tazama kijiti kinafanya nini. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na limepinda. Nta hukaa sehemu ya nje. Kijiti kinapoingia hutoa kidogo kinachoonekana na kushindilia kingi kisichoonekana, kama mtu anayejaza baruti katika bunduki ya gobori. Baada ya miezi kadhaa, kifuniko kigumu huziba njia, na mwenye sikio hulalamika kuwa hasikii. Mbele kidogo ya hapo kuna kiwambo, ngozi nyembamba sana yenye unene wa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Nyuma yake vimepangwa vifupa vitatu, ambavyo kimoja ndicho kifupa kidogo kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Mtoto akimpiga kikumbo mama yake, mlango ukifunguliwa ghafla, au mteja akigeuza shingo kinyozi akiwa kazini, kijiti huingia palipobaki. Kosa la nusu sekunde laweza kumgharimu mtu usikivu wake wa siku zote.

Biashara ya Vijiti

Yafaa pia tuzungumze juu ya vile vijiti vyenye pamba nchani, ambavyo siku hizi vimejaa madukani hata vijijini. Vilianza kutengenezwa kwa biashara huko Marekani mwaka 1923, na aliyevianzisha, Leo Gerstenzang, alivikusudia kwa ajili ya usafi wa watoto wachanga. Vimezunguka dunia nzima, na watu wengi wamevipokea kama dalili ya ustaarabu: anayetumia unyoya wa kuku huonekana mshamba, anayetumia kijiti cha dukani huonekana msomi. Kwa kiwambo cha sikio, tofauti yao ni ndogo sana.

Waliotuuzia wanajua. Maboksi mengi ya vijiti hivyo yamechapishwa onyo kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, upande ambao mnunuzi hautazami. Na mara nyingi dukani vijiti huuzwa kwa mafungu, onyo likabaki katika boksi la mwenye duka. Huko huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa katika miaka 21, tangu mwaka 1990 hadi mwaka 2010, watoto wapatao 263,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali kwa majeraha ya masikio yaliyosababishwa na vijiti vya pamba. Ukigawa kwa siku, ni watoto 34 kila siku, na sehemu kubwa yao waliumia wakati wa kusafishwa masikio. Hiyo ni nchi yenye madaktari wengi na hospitali kila pembe. Sisi ambao daktari bingwa wa masikio hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, tuna sababu gani ya kuucheza mchezo huo?

Mwandishi hasemi kuwa vijiti vipigwe marufuku. Vina matumizi yake: kupaka dawa kidondani, kusafisha mikunjo ya nje ya sikio, kusafisha vyombo vidogo. Anachosema ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa Mtanzania yapasa imwonye Mtanzania kwa lugha yake. Shirika la Viwango Tanzania lingefanya jambo la maana kama lingedai kila boksi na kila pakiti ya vijiti iwe na maneno ya Kiswahili, makubwa, upande wa mbele: USIINGIZE NDANI YA SIKIO. Gharama yake ni wino.

Usaha Si Jambo la Kawaida

Ikiwa kosa la baadhi yetu ni kulishughulikia sikio kupita kiasi, kosa la wengine ni kulipuuza kabisa. Katika mitaa na vijiji vyetu wapo watoto wanaotoka usaha masikioni kwa miezi, na wazazi husema, “Ataacha akikua.” Inzi humfuata, wenzake humcheka kwa harufu, na mwalimu humwita mzito wa kuelewa. Kumbe mtoto yule si mzito. Kiwambo chake kimetoboka, na maneno ya mwalimu humfikia kama sauti ya mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Anaanguka mtihani, anaacha shule, na Taifa linapoteza fundi au mwalimu ambaye halikupata hata kumjua.

Usaha unaotoka sikioni ni ugonjwa, na ugonjwa una tiba. Mtoto apelekwe zahanati mapema. Ukitoka kwa wiki 2 au zaidi, umekwisha kuwa ugonjwa sugu, na hapo kazi ya kwanza ni kulikausha sikio. Wahudumu wa afya humfundisha mama kusokota kitambaa safi kinachofyonza maji kiwe kama utambi, kukiweka sikioni mpaka kilowe, kukitoa na kuweka kingine safi, mpaka sikio likauke. Hivyo mara 3 kwa siku, pamoja na dawa ya matone aliyoandikiwa. Utambi huo ni laini na haupekechwi, na huo ndio utofauti wake na kijiti. Baada ya hapo sikio lisiachiwe pamba ndani, wala lisitiwe mafuta au maji ya aina yoyote, na mtoto asiogelee mtoni wala baharini mpaka apone. Mama akiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, asingoje kesho. Hiyo ni dalili kwamba ugonjwa umeingia katika mfupa, na mfupa huo ni jirani wa ubongo.

Hapa pia hapana budi kuikemea desturi nyingine, ambayo ni ya wakubwa. Kofi la sikio si malezi wala si adhabu. Kiganja kinapolifunika sikio kwa kishindo, hewa iliyobanwa ndani ya tundu huweza kukipasua kiwambo papo hapo. Mzazi, mwalimu au mume anayezaba makofi usoni ajue kwamba anaweza kumtia mwenziwe kilema. Tunawashangaaje watoto wasiosikia, ikiwa mikono yetu ndiyo iliyowaziba?

Usafi wa Kila Siku

Basi ni lipi la kufanya? Jibu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Unapooga, osha sikio kwa nje, mikunjo yake na nyuma yake, kwa maji na sabuni kidogo. Inamisha kichwa upande huu na upande huu ili maji yatoke. Futa kwa ncha ya taulo au kitambaa safi, mahali panapofikiwa na kidole kilichofunikwa kitambaa, usivuke hapo. Kazi imekwisha.

Mtu akihisi sikio limeziba, kama wanavyohisi mara nyingi wazee na wale wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, na ikiwa hana usaha, hana maumivu, wala hajapata kutoboka kiwambo, aweza kutia matone 2 au 3 ya mafuta safi ya zeituni, yasiyo ya moto, kwa siku chache, ili nta ilainike na kutoka yenyewe. Isipotoka, aende zahanati. Huko mtaalamu atalitazama sikio kwa chombo chake chenye mwanga kabla ya kulisafisha kwa maji ya uvuguvugu, kwa maana maji ya baridi au ya moto humtia mtu kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa kisukari amweleze mtaalamu mapema, kwa sababu kwake jeraha dogo la sikio laweza kuleta uambukizo mkubwa.

Mtoto akijitia punje ya mahindi, haragwe au ushanga sikioni, mzazi asichokonoe wala asimimine maji. Punje ikilowa huvimba, na ikivimba hukwama. Mdudu akiingia na kupapatika, matone ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto humtuliza, mradi sikio lile halina tundu katika kiwambo. Kisha mtu aende hospitali akatolewe. Kusikia kukipungua ghafla, hata bila ya maumivu, ni jambo la haraka. Tusingoje wiki ipite.

Tusisahau kelele. Ndani kabisa ya sikio ziko chembe hai zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikifa kwa kelele hazioti tena. Kijana anayelala na muziki masikioni usiku kucha, na fundi anayekata vyuma au anayesimamia mashine ya kusaga bila ya kinga, wote wanatumia akiba isiyorudishwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Mfanyakazi anayedai kinga ya masikio hadai anasa.

Wajibu Wetu

Huenda mtu akasema kuwa desturi ya kuchokonoa masikio imeota mizizi na haitang'oka. Historia ya nchi yetu inakataa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja. Hawakuwa na hospitali kila kijiji. Walikuwa na redio, kijitabu, kiongozi wa kikundi na nia. Vyoo vilichimbwa kwa malaki, kwa sababu watu walielezwa sababu na wakaombwa kuamua wenyewe. Ikiwa umma uliweza kuchimba vyoo kwa jembe na sururu, hautashindwa kuacha kushika kijiti, kazi isiyohitaji hata jembe.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wapewe somo la sikio pamoja na masomo mengine, ili kila wanapoingia nyumbani waulize: yuko mtoto mwenye usaha? Walimu, kila mwanzo wa mwaka, wachunguze ni wanafunzi gani hawaitikii wakiitwa kutoka nyuma, wawakalishe mbele, na kuwaarifu wazazi kabla ya kuwaandikia alama za chini. Mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili mikutanoni. Vinyozi waambiwe kuwa kazi yao inaishia kwenye nywele. Na zahanati zipatiwe chombo cha kutazamia sikio pamoja na dawa ya matone, maana mwananchi aliyeitikia wito akaja akakuta hakuna chombo, atarudi kwenye unyoya wa kuku.

Kwa ndugu zetu viziwi, maneno haya yasichukuliwe kuwa ya dharau. Kiziwi ni raia kamili, mwenye lugha yake na haki zake. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na tangu hapo wamethibitisha kuwa wanaweza kusoma na kufanya kazi kama wengine. Wala hatudharau maendeleo ya utabibu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto vifaa vya usikivu, na hiyo ni sifa kwa madaktari wetu. Lakini matibabu hayo ni ya gharama kubwa sana, na yanastahili kwenda kwa mtoto aliyezaliwa bila ya usikivu. Fedha za umma zisilazimike kulipia makosa ambayo yangeepukwa bure.

Wahenga walisema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yetu hayajafa. Basi na yasikie neno hili moja, tena yalisikie leo: sikio lioshwe kwa nje, la ndani liachwe, likitoka usaha lipelekwe zahanati, na kile kijiti kirudishwe kabatini.